Je, Wajua? Hedi Mpya Nayo Hupimwa

Je, wajua kwamba silinda hedi inaweza kukataliwa kwa kombo la milimita 0.05? Hicho ndicho kikomo cha Toyota kwa uso wa hedi unaokaa juu ya bloku katika injini ya petroli kama 4A-FE. Unywele wa kichwani una unene wa milimita 0.07 hivi. Ukilaza rula nyofu ya chuma juu ya hedi na unywele ukapita chini yake, hedi hiyo haifai kufungwa, hata kama imetoka kwenye boksi sasa hivi.

Je, wajua kwamba spea ambayo haikutoka kwa kampuni iliyounda gari si lazima iwe feki? Tazama 1KZ-TE, dizeli ya cc 2,982 iliyofungwa kwenye Prado, Surf na baadhi ya HiAce zilizoletwa Afrika Mashariki kutoka Japani. Hedi yake ni ya aluminiamu, na injini ikichemsha mara moja tu inaweza kupasuka. Ndiyo maana viwanda vingi vinaitengeneza upya, na baadhi hutangaza kwamba wameongeza unene pale inapopasukia. Kazi zao hazilingani. Nembo iliyo juu ya boksi haisemi chochote kuhusu milimita. Rula na fila ya kupimia mwanya husema.

Je, wajua kwamba hedi na bloku hazitanuki sawa? Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Hedi ya urefu wa milimita 500 ikipanda joto kwa nyuzi 70 za Selsiasi hurefuka kwa milimita 0.8, bloku ya chuma yenye urefu uleule huongezeka milimita 0.4 tu. Tofauti hiyo yote inabebwa na gasketi, kila injini inapowaka na kila inapopoa. Kwa hiyo unyoofu peke yake hautoshi, ulaini nao unahesabiwa. Gasketi za siku hizi za matabaka ya chuma hudai uso ambao mikwaruzo yake, kwa wastani, ni ya mikroni 1 hivi. Zile za zamani zilivumilia mara mbili hata tatu ya hapo. Ukipitisha ukucha juu ya hedi mpya ukahisi mifereji ya kisu cha mashine, usiifunge na gasketi ya chuma kabla haijapita kwa fundi mwenye mashine nzuri.

Je, wajua kwamba vipimo vya urefu katika uhandisi huhesabiwa kwa joto la nyuzi 20? Kiwango cha kwanza kabisa kuchapishwa na shirika la ISO, mwaka 1951, kilihusu jambo hilo. Dar es Salaam, karakana ikiwa na nyuzi 32, hedi ileile ya milimita 500 imerefuka kwa milimita 0.14 kuliko inavyosomeka kwenye mchoro. Ilaze hedi na vifaa vya kupimia kwenye kivuli kimoja usiku kucha, asubuhi ndipo upime. Hedi iliyotoka juani ndani ya buti la gari itakudanganya.

Je, wajua kwamba unyevu unaweza kutoboa aluminiamu inapoganda? Aluminiamu iliyoyeyuka hufyonza haidrojeni kutoka kwenye unyevu. Inapoganda haiwezi tena kuishika, na gesi hubaki humo kama vitundu. Kiwanda makini hupuliza arigoni au naitrojeni ndani ya tanuri ili kuitoa. Kiwanda chenye haraka huacha vitundu, navyo huonekana tu baada ya uso kuchongwa, au maji yanapoanza kuingia kwenye oili.

Je, wajua kwamba shina la valvu ya kuingiza hewa lenye kipenyo cha milimita 6 huachiwa nafasi ya milimita 0.025 hadi 0.060 ndani ya gaidi yake? Ikibana kuliko hapo valvu hukwama joto likipanda. Ikilegea, oili hushuka na moshi wa buluu hutoka. Na siti za valvu? Hapo ndipo hedi za bei ya chini huniudhi zaidi. Valvu ya kutolea moshi hupata joto la nyuzi 700 na zaidi, na sehemu kubwa ya joto hilo hutoka kupitia ukanda mwembamba wa siti, wa milimita 1.0 hadi 1.4. Ukanda ukiwa upande mmoja mpana na upande mwingine mwembamba, valvu huungua, na mteja huambiwa mafuta ya kituo fulani ni mabaya.

Je, wajua kwamba cc 3 zinaonekana? Silinda ya cc 500 yenye mgandamizo wa 10 kwa 1 hubakiza cc 55.6 juu ya pistoni. Chemba moja ikiwa kubwa kwa cc 3, mgandamizo hushuka hadi 9.5. Ya jirani ikiwa ndogo kwa cc 3, hupanda hadi 10.5. Injini hiyo itatetemeka gari likiwa limesimama, na hakuna plagi mpya itakayoituliza.

Je, wajua kwamba vifuniko vya kamshafti havibadilishani nafasi? Hutobolewa vikiwa vimefungwa kwenye hedi yao wenyewe, ndiyo maana vina namba.

Je, wajua kwamba kipimo cha kwanza hakihitaji mashine? Geuza hedi, funga plagi zake, mimina mafuta ya taa kwenye kila chemba, kisha chungulia njia za hewa na za moshi. Unyevu ukitokeza nyuma ya valvu, siti hiyo haijakaa. Halafu safisha njia za maji kwa shinikizo, maana mchanga wa kalibu hubaki kwenye kona. Fanya yote haya kabla ya kukaza bolti ya kwanza, kwa sababu hedi iliyokwisha kufungwa ni vigumu sana kupokewa tena dukani.