Diski Imejazwa na Nini? Tuhesabu Kabla ya Kufuta

Mwishoni mwa muhula, wanafunzi wanapomalizia tasnifu zao, kompyuta nyingi za idara za lugha huonyesha ujumbe uleule: nafasi ya diski inakaribia kwisha. Mtumiaji hutazama makabrasha yake, huona kwamba hajaweka kitu kipya kikubwa, naye hushindwa kuelewa nafasi imeliwa na nini. Kwa kuwa ana haraka, hufuta kitu kikubwa cha kwanza anachokiona. Katika idara kama yetu, kitu hicho aghalabu ni rekodi za uwandani: mahojiano, ngano, nyimbo za harusi, mazungumzo ya sokoni. Programu ikifutwa inaweza kuwekwa tena. Sauti ya mzee aliyerekodiwa miaka iliyopita, na ambaye sasa ni marehemu, haiwezi kurekodiwa tena.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kutafuta kilichojaza diski bila kuhatarisha data. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nafasi ya diski nayo ni mali. Haipotei kwa miujiza. Ipo mahali fulani, na mahali hapo hujulikana kwa hesabu. Maelezo yetu yanahusu zaidi Windows, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na wasomaji wetu wengi. Neno kabrasha tunalitumia kwa maana ya folda.

Ukubwa halisi wa diski

Tuanze na malalamiko yanayosikika mara kwa mara: mtu amenunua diski ya gigabaiti (GB) 500, lakini kompyuta inamwonyesha GB 465 tu. Hapa hakuna kilichopotea. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824, yaani 1,024 mara 1,024 mara 1,024. Gawanya baiti bilioni 500 kwa namba hiyo ya pili, utapata 465 na ushei. Kwa sababu hiyohiyo diski ya GB 1,000 huonekana kuwa na GB 931. Tofauti hii ni ya vipimo, kama ile iliyopo kati ya maili na kilomita.

Pengo ndilo lenye siri

Hatua inayofuata ni kulinganisha namba mbili. Ya kwanza ni ile inayotolewa na diski yenyewe: bofya alama ya diski C kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Properties, usome nafasi iliyotumika. Ya pili ni jumla ya vitu unavyoviona: fungua diski C, chagua makabrasha yote kwa pamoja, kisha usome ukubwa wake kwa njia hiyohiyo.

Tuchukue mfano wa kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Diski inasema GB 452 zimetumika. Jumla ya makabrasha yanayoonekana ni GB 318. Pengo ni GB 134. Mtu aliyepata namba hizi tayari amejua jambo muhimu: hata akifuta rekodi zake zote, hatakuwa amegusa GB hizo 134. Pengo likiwa dogo, mlaji yumo ndani ya makabrasha yanayoonekana. Likiwa kubwa, mlaji amejificha, na ni lazima atafutwe mahali pengine.

Mahali pa kuangalia

Kwanza ni maeneo ya watumiaji wengine. Kila anayeingia katika kompyuta kwa jina lake hupewa eneo lake, na Windows haimruhusu mtumiaji wa kawaida kuchungulia eneo la mwenzake. Kompyuta inapojumlisha, huruka yale isiyoruhusiwa kuyafungua. Wanafunzi waliohitimu zamani wanaweza kuwa wameacha filamu na mafaili mengine mazito ambayo hakuna anayeyaona. Msimamizi wa kompyuta ndiye anayeweza kuyapima.

Pili ni mapipa ya taka. Wengi hudhani pipa la taka ni moja kwa kompyuta nzima. Sivyo. Kila mtumiaji ana pipa lake katika kila diski, na ukimwaga lako, la mwenzako hubaki limejaa. Katika kompyuta ya watu ishirini kuna uwezekano wa kuwa na mapipa ishirini.

Tatu ni kumbukumbu za kurejesha mfumo. Windows inaweza kuweka picha ya hali yake ya jana na juzi ili irudi huko mambo yakiharibika. Picha hizo hukaa katika kabrasha liitwalo System Volume Information, ambalo mtumiaji wa kawaida akilipima huambiwa kuwa ni tupu. Msimamizi akifungua dirisha la amri na kuandika vssadmin list shadowstorage, ataonyeshwa kiasi halisi. Kiwango cha juu kinaweza kupunguzwa katika mipangilio ya ulinzi wa mfumo.

Nne ni mafaili mawili makubwa yaliyofichwa, pagefile.sys na hiberfil.sys. La kwanza husaidia kumbukumbu ya muda ya kompyuta, yaani RAM, inapozidiwa. La pili huhifadhi kazi iliyokuwa wazi wakati kompyuta inapozimwa kwa namna itakayoiwezesha kuendelea ilipoishia. Katika Windows 10 na 11, hiberfil.sys kwa kawaida huchukua takriban asilimia 40 ya ukubwa wa RAM. Msimamizi anaweza kuliondoa kwa amri ya powercfg /h off. Hata hivyo, kwa kompyuta ya mapajani, faili hili lina faida kubwa: umeme ukikatika na betri ikakaribia kwisha, ndilo linalookoa kazi ambayo haijahifadhiwa. Hatushauri liondolewe bila kufikiri.

Tukirudi kwenye mfano wetu, GB 134 zinaweza kugawanyika hivi: maeneo ya watumiaji wengine 62, mapipa ya taka 38, kumbukumbu za kurejesha mfumo 23, pagefile.sys 8 na hiberfil.sys 3. Hesabu imefunga, na hakuna rekodi hata moja iliyoguswa.

Yapo pia makabrasha yanayoonekana lakini yasiyotiliwa maanani. Kabrasha la Windows.old hubaki baada ya kuhamia toleo jipya la Windows, na linaweza kuzidi GB 20. Kwa kawaida mfumo huliondoa wenyewe baada ya siku kadhaa. Lile la WinSxS, kwa upande mwingine, huonekana kubwa kuliko lilivyo, kwa sababu mafaili yake mengi huhesabiwa mara mbili. Hilo lisifutwe kwa mkono kamwe. Kompyuta inaweza kugoma kuwaka.

Haba na haba hujaza kibaba

Diski haigawi nafasi kwa baiti mojamoja. Hugawa kwa vifungu, na katika diski nyingi za Windows kifungu kimoja ni baiti 4,096. Faili la baiti 1,500 hupewa kifungu kizima, kama vile msafiri mmoja aliyelipia chumba chenye vitanda vitatu. Mtafiti wa msamiati aliyeweka mafaili 10,000 ya namna hiyo atakuwa na maandishi ya baiti milioni 15, lakini diski itakuwa imetoa takriban baiti milioni 41. Ndiyo maana Windows huonyesha namba mbili, ukubwa wa faili na ukubwa wake katika diski. Anayetafuta nafasi asome ile ya pili.

Barua pepe nazo zina desturi yake. Katika programu kama Thunderbird, barua nyingi huwekwa ndani ya faili moja. Barua ikifutwa, huondoka machoni, lakini hubaki ndani ya faili hadi faili hilo libanwe kwa amri ya Compact.

Ramani ya diski

Kazi ya kutafuta hurahisishwa na programu zinazochora diski nzima kama shamba lililogawanywa viwanja, kila faili na kiwanja chake kulingana na ukubwa. WinDirStat ni mojawapo, na hutolewa bila malipo. Mchoro wa aina hii ulibuniwa mwaka 1990 na Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, na sababu yake itawachekesha walimu wenzetu. Maabara yake ilikuwa na diski ya megabaiti 80 iliyotumiwa na watu 14, ikajaa, na ilikuwa vigumu kujua nani ametumia nafasi wapi. Tatizo letu, basi, lina umri mkubwa, na hata wataalamu lilishawapata.

Programu hiyo iendeshwe na msimamizi, la sivyo nayo itaruka maeneo isiyoruhusiwa kuyaona.

Rekodi za sauti

Rekodi zinastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndizo mali yetu. Sauti ya ubora wa sidii huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde. Kila sampuli ni baiti 2, na stereo ina njia mbili. Hizo ni baiti 176,400 kwa sekunde, au takriban megabaiti 635 kwa saa. Audacity, programu inayopendwa na watafiti wengi, kwa kawaida huweka baiti 4 kwa kila sampuli inapokuwa kazini. Saa moja sasa inafika GB 1.27. Mtafiti mwenye saa 40 za mahojiano atahitaji karibu GB 51, kabla hajakata wala kusafisha chochote.

Akisafisha kelele katika rekodi nzima, Audacity hutunza sauti mpya na ile ya zamani pia, ili aweze kurudi nyuma. Nafasi hiyo hubaki imeshikwa mpaka kazi ihifadhiwe na kufungwa. Tena, rekodi ambayo haijahifadhiwa hukaa katika kabrasha la muda lililofichwa ndani ya eneo la mtumiaji. Kompyuta ikizimika ghafla, nakala pekee ya mahojiano inaweza kuwa humo. Kwa hiyo, kabla ya kufuta mafaili ya muda, fungua Audacity kwanza uone kama kuna kazi inayosubiri kurejeshwa.

Ili kupunguza mzigo, mahojiano yaliyorekodiwa kwa kipaza sauti kimoja yahifadhiwe kwa njia moja badala ya mbili. Ukubwa hupungua kwa nusu. Muundo wa FLAC hupunguza zaidi bila kupoteza sauti yoyote. MP3 ni ndogo sana, lakini huacha sehemu ya sauti njiani, nayo haimfai mtafiti wa fonetiki.

Flashi tupu iliyojaa

Wanafunzi wengi wamewahi kukutana na flashi inayosema imejaa, ilhali ukiifungua huoni kitu, au unaona njia za mkato tu. Mara nyingi hii ni kazi ya virusi vinavyoficha makabrasha. Usiifomati wala usibofye njia hizo za mkato. Safisha virusi kwanza, kisha fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Makabrasha yatajitokeza tena.

Flashi iliyotumiwa katika kompyuta ya Mac huwa na sababu nyingine. Mac huhamishia vilivyofutwa katika kabrasha la siri liitwalo .Trashes ndani ya flashi hiyohiyo, na nafasi hairudi hadi pipa limwagwe.

Kwa wanaotumia Linux

Hapa amri mbili zinatosha kuonyesha pengo: df hutoa hesabu ya diski, na du hutoa hesabu ya mafaili. Zikitofautiana sana, huenda kuna faili lililofutwa ambalo bado linatumiwa na programu iliyo wazi. Nafasi yake hurudi programu hiyo inapofungwa. Aidha, diski za mfumo wa ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi.

Utaratibu tunaoupendekeza

1. Nakili rekodi na tasnifu katika diski ya nje, kisha ufungue baadhi yake uhakikishe zinasikika na kusomeka.

2. Andika daftarini namba mbili na pengo lake.

3. Tafuta mlaji wa pengo kwa mpangilio tulioutaja, ukiandika kila kiasi mpaka hesabu ifunge.

4. Anza kufuta vile vinavyoweza kupatikana tena: mapipa ya taka baada ya wenyewe kuarifiwa, masasisho ya zamani, na mafaili ya muda. Unapotumia orodha ya usafishaji ya Windows, hakikisha kabrasha la Downloads halijawekewa alama, maana wapo wanaohifadhi humo kazi zao zote.

5. Usifute eneo la mtumiaji aliyeondoka kabla ya kumtafuta au kunakili vilivyomo.

6. Pima tena, uandike tarehe. Diski ikijaa tena mwakani, daftari litakuonyesha ni wapi palipoongezeka.

Walimu wanaweza kuwagawia wanafunzi zoezi hili katika vikundi, kila kikundi na kompyuta yake, na kuwataka waandike ripoti fupi kwa Kiswahili. Watajizoeza istilahi, na idara itapata orodha ya vilivyomo katika diski zake. Katika maktaba hakuna anayechoma kitabu kwa sababu rafu imejaa kabla ya kuangalia kwanza rafu ina nini. Data zetu za uwandani zinastahili heshima hiyohiyo.