Kumvua trauti ukiwa ukingoni mwa bwawa la Sasumua

Mtu anaweza kusimama kando ya bwawa siku nzima akirusha uzi, arudi nyumbani mikono mitupu, kisha awaambie majirani kwamba bwawa halina samaki. Mara nyingi samaki walikuwepo, ila alisimama mahali ambapo samaki hawana sababu ya kupita. Trauti ni samaki mwenye masharti, na mvuvi asiyekuwa na mashua hana budi kuyajua masharti hayo, kwa kuwa hawezi kumfuata samaki katikati ya maji.

Bwawa la Sasumua, karibu na Njabini, liko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Lilijengwa katika miaka ya 1950 ili kuwapa wakaazi wa Nairobi maji, ukuta wake ukaongezwa kimo mwaka 1968, na likijaa hubeba karibu mita za ujazo milioni 16. Hupata maji kutoka mto Sasumua wenyewe, na mengine huelekezwa humo kutoka mito ya Kiburu na Chania. Kwa hivyo bwawa liko katika kaunti yetu, lakini ni chanzo cha maji ya kunywa na linasimamiwa na kampuni ya maji ya Nairobi. Lina walinzi na lina maeneo yasiyoruhusiwa kufikiwa na umma. Leseni ya uvuvi haikufungulii lango, na mlinzi kukuruhusu kupita hakukupi leseni. Ulizia leseni, pamoja na ukubwa na idadi ya samaki unaoruhusiwa kuchukua, katika ofisi ya uvuvi ya kaunti ndogo, kisha omba ruhusa ya kuingia kwa wasimamizi wa bwawa kabla ya kufunga safari.

Trauti si mwenyeji wa milima yetu. Mwaka 1905 mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Loch Leven, Uskoti, na vifaranga wake wakatiwa katika mto Gura, upande wa pili wa Nyandarua. Miaka mitano baadaye akaletwa, kutoka Afrika Kusini, yule anayeitwa wa upinde wa mvua kwa sababu ya mstari wa waridi ubavuni mwake. Kituo cha kuzalisha vifaranga cha Kiganjo, Nyeri, kilianzishwa mwaka 1948 ili mito ya milimani ipate samaki wa kuongezewa. Samaki huyu wa ugenini alistawi huku kwa sababu moja kubwa: maji yetu ni baridi.

Sababu hiyo inastahili maelezo, maana ndiyo inayoamua usimame wapi. Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyoshindwa kuishika. Isitoshe, sisi tuko juu. Katika kimo cha Sasumua mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa Mombasa, kwa hivyo hata maji yenye baridi ileile yana oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Trauti hujisikia vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 hivi. Yakipita nyuzi 20 huacha kula, na yakikaribia 25 hufa. Kwake baridi ni pumzi.

Mtoni, trauti hutafuta jiwe au shina, akajificha nyuma yake na kungoja mkondo umletee chakula. Bwawani hakuna mkondo wa kumletea chochote, kwa hivyo yeye ndiye anayetembea. Huzunguka kando kando ya bwawa, mara nyingi kwa njia ileile, akiokota wadudu, konokono na samaki wadogo. Mvuvi wa mtoni hutembea kumtafuta samaki. Mvuvi wa bwawani huchagua njia ya samaki na kumngoja. Wengi hushindwa kwa kukosa subira hiyo: wanarusha mara tatu, wanahama, wanarusha mara tatu tena, na kila wanapohama samaki anapita pale walipotoka.

Alfajiri na jioni ndizo saa zake za kukaribia ukingo. Maji mafupi yenye majani ndiyo yenye chakula kingi, na nyakati hizo hayana jua la kuyapasha joto wala mwanga wa kumfichua samaki kwa ndege. Jua likipanda, yeye hushuka penye kina na mvuvi wa ukingoni hamfikii kwa urahisi. Hata hivyo, miezi ya Juni hadi Agosti, wakati ukungu na manyunyu hukaa Kinangop siku kutwa, anaweza kula hata saa sita mchana. Siku ambayo wengi wetu hatutaki kutoka kando ya jiko ndiyo siku njema ya kuvua.

Mahali pa kwanza pa kujaribu ni pale mto unapoingia bwawani, kwa kuwa maji yanayoingia ni baridi na yana oksijeni na wadudu waliosombwa. Pa pili ni ukingo ambao upepo unauelekea. Watu wengi huupa upepo mgongo, kwa sababu uzi huruka vizuri zaidi na uso haupati baridi, lakini upepo husukuma wadudu walioanguka majini hadi ng'ambo, na samaki hufuata chakula. Afadhali upepo ukupige usoni au shavuni, hata kama uzi utafika nusu ya pale ulipotaka. Wakati wa kiangazi, maji yakipungua, angalia ilipopita njia ya zamani ya mto kabla bwawa halijajazwa. Kule kwenye kina ndiko samaki hukimbilia.

Kisha jifiche. Trauti anakuona kabla hujamwona, na hasa humwona mtu aliyesimama wima juu ya ukingo mbingu ikiwa nyuma yake. Vaa nguo za rangi ya majani au udongo, inama, usikanyage kwa kishindo, maana mtikisiko wa ardhi humfikia majini. Rusha kwanza sambamba na ukingo, karibu na miguu yako, ndipo uelekee mbele. Ajabu ni kwamba wageni wa uvuvi huu hujitahidi kufika katikati ya bwawa huku samaki yuko mita tatu kutoka kwenye viatu vyao.

Kuhusu vifaa, uvuvi wa trauti umezoeleka kuwa wa inzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa uzi na manyoya ifanane na mdudu. Wakenya hawana haja ya kumwona kama kitu cha kigeni, kwa sababu karakana za humu nchini huwafunga inzi hao kwa mikono na kuwauza Ulaya na Marekani, na manyoya mengi yanayotumika hutoka shingoni mwa jogoo. Anayeelea juu hufaa ukiona samaki wanavunja uso wa maji. La sivyo, tumia anayezama, mwache ashuke, kisha mvute polepole kwa vituo. Samaki mengi hushika wakati wa kituo, si wakati wa kuvuta. Uliza pia ofisi ya uvuvi ni chambo kipi kinaruhusiwa. Mnyoo huvutia, lakini samaki huumeza hadi tumboni, na mdogo unayetakiwa kumrudisha hufa hata ukimrudisha. Ndoana iliyobanwa kijino chake kwa koleo hutoka bila kurarua mdomo. Lowesha mikono kabla ya kumshika, kwa sababu mkono mkavu humtoa ule utelezi unaomkinga na magonjwa.

Tukirudi pale mto unapoingia, kuna jambo ambalo mvuvi na mkulima wanapaswa kulijua pamoja. Trauti hukua bwawani lakini hazaliani katika maji yaliyotulia. Wakati wake ukifika hupanda mtoni. Jike huchimba kishimo kwenye changarawe kwa mkia, hutaga, kisha huyafunika mayai kwa mawe madogo. Maji yapitayo katikati ya mawe ndiyo huyapa mayai hewa, kwa takriban mwezi mmoja yakiwa ya nyuzi 10, hadi yaanguliwe. Udongo laini ukishuka na mvua ukajaza nafasi za mawe hayo, mayai hukosa hewa na kufa palepale, wala hakuna mtu wa kuona.

Udongo huo hutoka kwetu. Shamba la viazi au kabichi lililolimwa kufuata mteremko, hadi ukingoni mwa kijito, hupoteza tabaka lake bora katika mvua kubwa chache za Aprili. Mkulima amenunua mbolea, na sehemu ya mbolea hiyo imeenda na maji. Nairobi inalipia dawa ya kusafisha tope lilelile. Mvuvi naye anakuta maji mekundu, na trauti anayewinda kwa macho haoni inzi wala mnyoo. Matuta yanayokata mteremko, na ukanda wa nyasi za napier kati ya shamba na mto, huzuia sehemu kubwa ya udongo huo, na nyasi zenyewe ni chakula cha ng'ombe. Afisa wa kilimo wa wadi anaweza kukuonyesha namna ya kupima matuta.

Dawa za kunyunyizia mimea ni hatari ya haraka zaidi. Kuosha pampu ya dawa mtoni ni mazoea ya hatari. Hata dawa inayotokana na pareto, zao tunalolijua vizuri Nyandarua, huua samaki kwa kiasi kidogo mno majini ingawa binadamu haimdhuru sana. Osha pampu shambani, mbali na kijito, na maji hayo uyamwage juu ya mimea uliyokwisha kuinyunyizia. Kuvua kwa sumu, kwa baruti au kwa umeme ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016.

Kuhusu usalama: usiende peke yako, na usiingie majini. Viatu vya mpira vikijaa maji huwa mzigo, na maji ya baridi hivi hukata pumzi hata kwa mwogeleaji hodari. Maji yakishuka, ukingo unaobaki huonekana mkavu juu huku chini ni tope la kuzamisha mguu hadi gotini. Kaa mbali na mnara wa kuchukulia maji na mkondo wa kumwagia maji ya ziada. Usipasue samaki bwawani wala kutupa matumbo humo. Mpasue nyumbani, siku hiyohiyo, maana nyama yake huharibika upesi. Magamba yake ni madogo kiasi cha kutohitaji kuparuliwa.

Ukikuta samaki kadhaa wamekufa kwa pamoja, hasa karibu na mdomo wa mto, usiwaokote kwa kula wala kuuza, na usiwape mbwa. Andika saa na mahali, piga picha ukiweza, angalia kama maji yana rangi, povu au harufu, kisha mjulishe mlinzi wa bwawa na ofisi ya uvuvi siku hiyohiyo. Waambie pia majirani wanaochota maji katika kijito hicho wasubiri hadi chanzo kijulikane.