Malori ya Uingereza yalivyohangaikia vibali

Tuzungumzie malori ya Uingereza.

Walipopiga kura mwaka 2016 kujitoa Umoja wa Ulaya, wenye malori wakabaki na swali: tukitoka bila makubaliano, tutavukaje? Walipokuwa ndani leseni moja ilitosha nchi zote. Nje kuna vibali vya kimataifa vinavyoitwa ECMT, na kwa 2019 Uingereza ilikuwa na vya mwaka mzima 984 tu. Maombi yakazidi 11,000! Hebu fikiria mtu mwenye malori mawili, mkopo benki, anasubiri jina lake.

Ndo maana Julai 2018 ilipita sheria ya kumpa waziri uwezo wa kupanga vibali vigawiwe vipi na kwa ada gani. Hapa wengi huchanganya: sheria hiyo haikuongeza hata kibali kimoja, manake idadi inatoka kwenye makubaliano na nchi nyingine.

Halafu kuna matela. Kule tela linabeba namba ya gari linalolivuta. Sasa Mkataba wa Vienna wa 1968, ambao Uingereza iliuridhia 2018, unataka tela linalovuka mpaka lisajiliwe lenyewe. Basi tangu 28 Machi 2019, tela la biashara linalozidi kilo 750, na lolote linalozidi 3,500, likienda nje lazima liwe na namba yake. Linaloishia Ireland limesamehewa.

Makubaliano ya Desemba 2020 yaliondoa haja ya ECMT kwa safari nyingi za Ulaya. Ila namba ya tela bado inadaiwa.