Meno Hayapimi Unyevu

"Mtaalamu, mahindi yaanikwe siku ngapi?" Swali hili hunifikia kila msimu wa mavuno, kwa simu, mnadani, hata msibani mtu akiwa bado ameshika sahani ya pilau. Nikijibu kwamba sijui, muulizaji huona nabania elimu. Sibanii. Siku si kipimo cha unyevu. Mkulima wa Kongwa aliyetandaza mahindi unene wa vidole viwili juu ya turubai mwezi wa saba, akayageuza kila baada ya saa moja, hawezi kupewa hesabu moja na mwenzake wa Rungwe aliyeyarundika unene wa shubiri chini ya mawingu. Hata kwa mkulima yuleyule, wiki ya upepo mkavu na wiki ya manyunyu ni mambo mawili.

Swali lenye jibu ni hili: sasa hivi, ndani ya punje, mna maji kiasi gani? Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi asilimia 13.5, na ndicho utakachodaiwa ukipeleka mzigo kwa wakala wa akiba ya chakula, NFRA, Tanzania au bodi ya nafaka, NCPB, Kenya. Namba hiyo haikuokotwa. Mahindi yenye unyevu huo, yakiwa ndani ya gunia, huifanya hewa iliyo katikati ya punje itulie kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi, na hapo kuvu nyingi za ghalani hazina maji ya kuotea. Yakiwa na 16, hewa hiyohiyo hukaribia asilimia 80, na kuvu huanza kazi.

Basi huwa nauliza: umepimaje? Jibu huja kwa fahari. "Nimeng'ata. Limelia ka!"

Hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha, kwa hiyo leo nitayashughulikia meno mpaka tumalizane nayo.

Meno hayaoni maji. Yanaona ugumu, na ugumu wa punje hauamuliwi na maji peke yake. Kuna mbegu zenye punje ngumu za kioo na kuna zenye punje laini za unga mwingi. Ile ngumu inaweza kukatika kwa mlio ikiwa bado na asilimia 15 au 16, na ile laini ikakuhadaa upande wa pili, ukaendelea kuianika wakati imeshakauka. Mkulima aliyebadili mbegu mwaka huu akabaki na meno ya mwaka jana anapima kitu ambacho hakipo.

Kuna jambo baya zaidi, nalo ni saa ya kung'ata. Punje hukauka kuanzia nje kwenda ndani. Saa kumi jioni, mahindi yakitoka kwenye turubai yakiwa bado ya moto, ganda la nje limekauka kabisa na maji yaliyobaki yamejificha katikati, hasa kwenye kiini. Ukiyaacha usiku kucha, maji hayo hutambaa kutoka ndani kuja nje mpaka punje nzima ilingane. Ndiyo maana mahindi yaliyolia jana jioni hunyamaza kesho asubuhi. Watu husema yamepigwa na umande. Mara nyingi hayakupigwa na umande wowote. Yalikuwa mabichi ndani tangu jana. Na saa ambayo kila mtu hung'ata ni ipi? Ni hiyohiyo ya jioni, kabla ya kufunga magunia.

Halafu kuna hesabu ya punje zenyewe. Gunia la kilo 100 lina punje zaidi ya laki mbili. Wewe umeng'ata tatu, na zote umezichukua juu ya rundo, mahali palipopigwa jua sawasawa. Chini ya rundo, kwenye ukingo wa turubai uliokunjamana, kuna kilo kadhaa ambazo hazikugeuzwa. Hizo ndizo zitakazokwenda kukaa katikati ya gunia. Kuvu ikianza pale hula wanga na kutoa joto na maji, na maji hayo huwalowesha majirani. Gunia lililokuwa na wastani mzuri huoza kwa sababu ya kifundo kimoja ambacho hakuna jino lililokigusa.

Nikifika hapa, mzee mmoja hukohoa na kuniambia: "Babu zetu waling'ata, na wala hawakufa." Hoja hii nimeisikia mpaka nimeichoka, lakini inastahili jibu. Babu aling'ata, kweli, kisha akaweka mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, na si punje, kwenye kihenge cha fito kinachopitisha upepo, au darini juu ya moto wa jiko ambako moshi na joto viliendelea kuyakausha kwa miezi. Jino lake likikosea kwa asilimia mbili au tatu, kihenge kilimsahihishia. Wewe unang'ata, unapukuchua, unafunga kwenye mfuko usiopitisha hewa na kuubana kwa kamba. Umemrithi babu meno, ukaiacha ghala yake.

Na kuhusu kutokufa, tusizungumze kama wageni wa nchi hii. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo uliingia Dodoma na Manyara. Siwasingizii wang'ataji vifo vyote hivyo, maana kuvu huweza kuanza shambani, hasa mazao yakipata ukame. Lakini mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi huipa nafasi ya kuendelea, na sumu yenyewe haionekani, haina harufu na haivunjiki kwenye sufuria la ugali. Kiwango kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 kwa kila kilo. Tafadhali asitokee mtu wa kuniambia kwamba ulimi wake utayaonja hayo.

Nitawatendea haki madalali wakongwe wa soko la mahindi la Kibaigwa. Wapo wanaotia mkono kwenye gunia, wakasikia ubaridi, wakamimina punje kiganjani na kusikiliza mlio, kisha wakakuambia mzigo huu haufai, na kweli haufai. Mahindi ya asilimia 20 wanayatambua. Lakini ni kama mama anayepima homa ya mwanawe kwa kiganja: atajua mtoto ana joto, hatajua kama ni 38 au 39.5. Tofauti inayokula pesa na kuleta sumu ni ile ya kati ya 13.5 na 15.5, na hapo mkono na sikio la dalali havina habari zaidi ya meno yako.

Sasa njia ya chumvi. Wengi hutarajia nitaicheka pamoja na meno, na siicheki. Unachukua chupa ya kioo iliyo kavu, unaijaza mahindi theluthi moja, unatia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, unafunga, unatikisa kwa dakika moja, unaiacha kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi ni mabichi. Hii ni sayansi ya kweli: chumvi safi huanza kulowa pale hewa inayoizunguka inapovuka unyevu wa asilimia 75, na mahindi yanayozalisha hewa ya namna hiyo huwa na maji karibu asilimia 15. Chupa yako imepima hewa iliyo katikati ya punje, kitu ambacho jino haliwezi.

Ila sikiliza chupa inasema nini. Inasema "mko juu ya 15" au "mko chini ya 15". Haisemi 13.5. Chumvi isiponata, mahindi yako yanaweza kuwa na 14.7, nawe ukaapa umepima. Ichukulie kama mlinzi wa kukuzuia kuanua mapema, na baada ya chumvi kuacha kunata, anika tena kabla ya kufunga. Vilevile, chumvi ya mawe ya pwani haifai kwa kazi hii. Ina magnesiamu inayovuta maji hata kwenye hewa ya kawaida, kwa hiyo itanata hata mahindi yakiwa makavu. Tumia ya unga, uikaange kidogo kwenye kikaango, iache ipoe.

Mashine ya unyevu ya mnunuzi ina kesi yake. Wakulima wanasema inaiba. Mara nyingine inasingiziwa, mara nyingine inatumiwa vibaya, na ni vizuri ujue vipi. Nyingi kati yake hazipimi maji moja kwa moja. Hupitisha umeme na kuangalia punje zinauitikiaje, kisha hukisia maji kwa jedwali la zao husika. Ikiwa imewekwa kwenye ngano, jibu lake kwa mahindi ni uongo. Punje zikiwa za moto kutoka juani, mashine isiyorekebisha joto husoma juu kuliko ukweli, na hapo mkulima anapunjwa. Punje zilizokauka ganda tu, kwenye baadhi ya mashine, hupewa alama nzuri zisizostahili, na hapo mnunuzi ndiye anayepunjwa. Dawa ni moja kwa wote: mahindi yapoe, sampuli ichotwe kwa bambo juu, katikati na chini ya magunia kadhaa, ichanganywe, ipimwe mara tatu na wastani uchukuliwe. Mnunuzi anayetoboa gunia moja pembeni, akasoma mara moja na kutaja bei, hajapima kitu. Mwombe arudie mbele yako.

Na kabla hamjaanza kugombana kuhusu kilo, jueni kwamba asilimia ya unyevu huhesabiwa kwa uzito wote, maji yakiwemo. (Mafundi wa mbao huhesabu kwa uzito wa kitu kikavu tu, ndiyo maana ubao wao unaweza kuwa na asilimia 100 na usishangae.) Tani moja ya mahindi ya asilimia 18 ina kilo 820 za mahindi yenyewe. Ikikauka hadi 13.5, kilo hizo 820 zinakuwa asilimia 86.5 ya mzigo, na mzigo mzima unabaki kilo 948. Umepoteza kilo 52, wala si 45 kama ulivyotoa kichwani, 18 toa 13.5. Zile kilo saba hakuiba mtu.

Haya, njia zenyewe, haraka. Ya maabara ni oveni: punje nzima hukaa kwenye nyuzi 103 kwa saa 72, hupimwa kabla na baada, na uzito uliopotea ndio maji. Mashine nyingine zote hupata ukweli wao kutoka hapo. Kukiwa na ubishi mkubwa wa mkataba, dai hiyo. Mashine ya mkononi inunuliwe na kikundi au chama cha ushirika, si mtu mmoja mmoja, na kila msimu ilinganishwe na ya maabara au ya ghala la serikali. Cha bei nafuu zaidi ni kipima unyevu wa hewa, kile kidogo cha namba: kitie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, pamoja na mahindi, funga, weka kivulini nusu saa hadi saa moja. Kikisoma 65 au chini, funga magunia yako. Kadi ya DryCard iliyobuniwa Chuo Kikuu cha California, Davis, hufanya kazi hiyohiyo kwa kubadili rangi, buluu ikiwa kavu na waridi ikiwa mbichi. Vyote viwili hupima hewa, kwa hiyo havibabaishwi sana na aina ya mbegu. Pima asubuhi, mahindi yakiwa yamelala usiku mmoja yamefunikwa.

Mifuko isiyopitisha hewa haikaushi mahindi. Naomba lisomwe mara mbili. Inawakosesha wadudu hewa, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Maji yaliyoingia humo hubaki humo. Kwa upande mwingine, kukausha hakumzuii dumuzi, ambaye hula mahindi makavu bila shida, kwa hiyo usipimiwe 12 ukadhani umemaliza naye pia. Na ukisafirisha mahindi makavu kutoka Dodoma hadi Tanga kwenye magunia ya kawaida, hewa ya pwani itayarudishia maji mpaka 14 au zaidi. Yapime tena huko huko.

Asiye na chochote kati ya hivyo lakini ana mizani ya kuaminika, afanye hivi. Siku ya kwanza peleka sampuli kwa yeyote mwenye mashine, upate namba ya kuanzia. Tuseme ni 18. Tenga kilo 100 za mzigo huo kwenye turubai lake, zianike pamoja na mengine, zigeuzwe sawa na mengine, zipimwe kila jioni. Zikifika kilo 94.8 ziko kwenye 13.5. Zikifika 93.2 ziko kwenye 12, na kwa atakayefunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa hapo ndipo pazuri. Muweke mtoto wa kulinda kuku, kwa sababu kilo atakazokula kuku mizani itazihesabu kama maji.