Kichwa Kinauma, Mkono Umekosa Nini?

Wenye kipandauso wanaijua siku ambayo nywele hazichaniki. Mto unaumiza, hereni zinavuliwa, na anayekuja na kiganja cha pole anaambiwa aondoe mkono. Hayo nilishayasikia. Lililoninasa ni mkono wa mwanamume mmoja wa miaka 42, asiyetajwa jina, ambaye Rami Burstein na wenzake walimweleza katika jarida la Brain mwaka 2000.

Kipandauso kikimshika, kunyoa ndevu kulikuwa mateso. Watafiti walimpima ngozi siku asiyoumwa, kichwani na kwenye mikono yote miwili, wajue ni mguso, baridi na joto kiasi gani humfanya aseme inauma. Wakarudia vipimo kichwa kilipoanza kuuma. Baada ya saa moja, ngozi ya kichwa upande unaouma ilikuwa imeanza kuukataa mguso na baridi; kwingine kote shwari. Saa ya pili, maumivu hayo yakavuka upande wa pili wa kichwa, yakashuka hadi kwenye mkono wa upande ule ule ulioanza. Saa ya nne, hata joto ambalo siku nyingine halimsumbui likawa linamuuma.

Mkono wenyewe haukuwa na jeraha. Burstein, mtafiti wa maumivu huko Boston, anasema kosa haliko kwenye ngozi. Kwa maelezo yake, zinazochokozeka kwanza ni neva za utando unaofunika ubongo. Habari zao hufika kwenye shina la ubongo, pale pale zinapopokelewa habari za ngozi ya uso na kichwa. Seli za hapo zikisumbuliwa mfululizo huwa nyepesi kushtuka, hata kitana kikasomeka kama kidonda. Nazo huziamsha seli za thalamasi, ndani zaidi, zinakopitia habari za mwili mzima. Hapo ndipo mkono unapoingizwa kwenye kesi isiyouhusu.

Ndiyo maana kwa Burstein tiba ni kuwahi. Mwaka 2004 yeye na wenzake waliripoti kuwa triptani, dawa za kukata kipandauso, ziliyamaliza maumivu ya kichwa mara 25 kati ya 27 ngozi ikiwa bado haiumi. Ngozi ikiwa imeshaanza kuuma, mara 5 tu kati ya 34. Anayeambiwa kazini avumilie kidogo, basi, anaambiwa aache muda wa dawa umpite.

Katika utafiti wao mwingine wa mwaka 2000, ngozi iliuma kwa asilimia 79 ya wagonjwa. Waliobaki walikingwa na nini? Na anayeamka kichwa kikiwa kimeshamuuma tangu usingizini, awahi vipi?