Polana, mama wa mawe meusi

Asteroidi Polana ina upana wa kilomita 55 hivi, lakini ni nyeusi mno: katika kila sehemu 100 za mwanga wa Jua unaoifikia, hurudisha chini ya 5. Johann Palisa aliigundua mwaka 1875 katika mji wa bandari wa Pola, leo Pula nchini Kroeshia. Iko sehemu ya ndani ya ukanda mkuu wa asteroidi, kati ya Mirihi na Mshtarii, ambako mawe mengi yana rangi angavu kuliko yake. Weusi huo ni dalili ya kaboni, na ndio unaowavuta wanasayansi.

Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, gimba kubwa liligongwa likavunjika. Polana ni pande lililobaki. Vipande vingine vilitawanyika. Kipande cha mita 500 hutokaje huko hadi jirani na Dunia? Hubebwa na joto. Ukuta wa tofali uliopigwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa joto jioni. Jiwe linalojizungusha angani nalo hutoa joto zaidi upande wake wa alasiri, na joto hilo likitoka hulisukuma jiwe upande wa pili. Hiyo ndiyo athari ya Yarkovsky. Kwa Bennu, asteroidi ndogo iliyo jirani na Dunia, imepimwa: kila mwaka mzingo wake hulikaribia Jua kwa mita 284 hivi. Ikiendelea hivyo kwa mamilioni ya miaka, jiwe hufika mahali ambapo mvuto wa Zohali huuvuruga mzingo wake hadi ukavuka njia za sayari za ndani.

Watafiti waliitazama Polana kwa darubini ya anga James Webb, na mwaka 2025 wakaeleza kwamba mwanga wake unafanana na wa Bennu na wa asteroidi nyingine, Ryugu, kiasi cha kuunga mkono wazo kwamba asili yao ni moja.

Na mchanga wa Bennu tunao. Chombo cha OSIRIS-REx kilileta gramu 121.6 mwezi Septemba 2023. Humo mmekutwa madini yaliyoundwa na maji, asidi amino 14 kati ya 20 zinazojenga protini za viumbe, na besi zote tano za DNA na RNA. Uhai haumo, ni viungo vyake tu. Kwa maoni yangu, safari ijayo iende kwa Polana yenyewe. Bennu ni lundo la kifusi kilichojikusanya upya, na kifusi hakituonyeshi kila kipande kilikaa kina gani ndani ya gimba lile la kwanza.