Maji ya Bomba na Samaki wa Nyumbani

Ndugu mfanyakazi wa Mengo, ukifuga ngege katika tangi, na maji yao yakipita kwenye mboga na kurudi, umepata kitoweo kisichongoja mwisho wa mwezi. Lakini samaki wakifa, mshahara umekwenda nao, na mara nyingi mwuaji ni maji ya bomba.

Maji hayo hutoka Ziwa Viktoria. Husafishwa Gaba na kutiwa klorini ili sisi tusiugue. Klorini hiyo hiyo huunguza mashavu ya samaki, tena huua vijidudu vinavyogeuza uchafu wao kuwa chakula cha mboga. Basi jaza pipa, liache wazi siku 2, ukoroge mara kwa mara. Halafu ongeza kidogo kidogo. Usibadili tangi zima kwa siku moja.

Maji ya mvua yanafaa, ila mvua ya kwanza huosha mavi ya ndege juu ya mabati. Iache ipite. Chemchemi za bondeni siziamini, maana vyoo vya mashimo viko juu yake.

Na pipa lililobeba dawa kiwandani au shambani, hata likioshwa mara 10, lisiingie nyumbani kwako.